Hema Lililobaki Stoo

Chama cha Kuzikana cha Mtakatifu Mikaeli,
Debre Birhan.
Tarehe 15, mwezi wa Hidar

Mpendwa mpwa wangu Endale,

Nakusalimu kwa heshima na taadhima. Ni matumaini yangu kwamba wewe, mkeo Meklit na watoto mko salama huko Denver, na kwamba kifua chako kimepona. Sisi tunapumua. Baridi ya mwaka huu ni kali, na mama yako huota jua mlangoni kila asubuhi.

Dhumuni la barua hii ni kukutaka uamue kuhusu kundi la simu la chama chetu, ambalo mamlaka yake unayo wewe peke yako. Nimeandika kwa kalamu, nikamkabidhi binti wa jirani yetu Alganesh anayepanda ndege kesho kuja huko, kwa sababu kila nilichokuandikia kundini kilizama kabla hujakisoma.

Juzi tulimzika Mwalimu Tessema, aliyekufundisha hesabu. Mjane wake, Mama Yeshi, alinipigia alfajiri, nami kwa wadhifa wangu wa katibu nikaweka kundini picha ya marehemu na saa ya maziko. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Worku, akipita uchochoro kwa uchochoro na tarumbeta lake. Wewe ndiwe uliyetushawishi tumpumzishe.

Chini ya picha ya mtu ambaye ugonjwa ulimkausha akabaki mifupa, papo hapo likaingia tangazo la chai ya kupunguza mwili. Binti yake aliliona kabla yangu. Vikafuata viatu, yakafuata majokofu. Bwana mmoja, asiyejua alichobonyeza, akaweka alama ya makofi.

Saa ya maziko ilipowadia, uani hapakuwa na hema wala benchi. Akina mama wa kuoka injera hawakutokea. Waliobeba jeneza walikuwa wachache mno, ikatubidi tulitue njiani. Na hema lenyewe, Endale, ni lile jipya lililonunuliwa kwa fedha unazowatoza wachuuzi watangaze kundini! Lilikuwa limekunjwa stoo, kwa kuwa Shiferaw, mtunza stoo, hakupata habari.

Kesho yake nilimhoji mbele ya mjane.

"Gashe Zerihun, nisamehe," akasema. "Lile kundi nimelizima sauti tangu Pasaka. Kila likilia nakimbilia simu nikidhani kuna aliyekufa, nakuta viatu."

"Si ungevivaa hivyo viatu ukaja!" Mama Yeshi akamkatiza. "Misiba yenu yote nimeoka mimi. Wa kwangu mmekuja kesho yake kutafuna kolo ya shayiri, kama wageni!"



Nimepita nyumba kwa nyumba. Karibu wote wamezima sauti. Sikukuta mwenye chuki na marehemu. Nimekuta watu waliochoshwa, na hilo ndilo linalonichoma. Mtaa huu ulikuwa ukisikia tarumbeta, mtu anaacha unga nusu umekandwa. Wewe umechukua masikio yetu, tuliyokukabidhi kwa ajili ya vifo, ukayapangisha kwa wachuuzi.

Usinijibu kwamba ndivyo mtandao ulivyo. Mtandao haukumpokea muuza chai. Aliyempokea ni wewe, kwa kidole chako mwenyewe. Wala usiniambie tumrudishe Worku, maana nusu ya wanachama wamehamia maghorofa mapya ng'ambo ya barabara kuu, na pumzi za Worku haziwafikii tena. Tumebakiwa na hilo kundi tu.

Jana nilimpelekea mama yako kahawa. Habari alikwisha kuzipata.

"Zeru," akaniuliza, "siku yangu ikifika nitatangazwa mimi kwanza, au majokofu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Sitakuficha, mpwa wangu: daktari amesema moyo wa dada yangu umechoka sana.

Nisalimie Meklit, na umpe pole kwa zamu zake za kazi za usiku. Alganesh anawasalimu nyote. Mikaeli awafunike kwa mbawa zake, nyumba yenu isikose taa wala mkate.

Wanachama watakutana Jumapili baada ya misa, nami nitasimama mbele yao. Ama uyaondoe matangazo yote, ama utukabidhi kundi. Naomba uamuzi wako kabla ya siku hiyo.

Mjomba wako, akupendaye hata katika hasira hii,
Zerihun Abate,
Katibu.