Mgeni wa Pazia

Ghuba ya Fenner, Newfoundland
Desemba 2, 1934

Mpendwa Alma,

Natumai goti lako limetulia na baridi ya Worcester haijalichokoza. Mimi ni mzima, ila vidole vinakufa ganzi nikishika chaki.

Nilikuahidi kwamba nikimaliza miezi mitatu ya kujitolea kufundisha watu wazima kusoma, ningerudi. Sirudi kwanza. Kuna mgane mmoja, Ambrose Keeping, fundi wa boti, mwanafunzi wangu mzee kuliko wote. Jana alisoma ukurasa mzima bila kukwama, kisha akasema, "Haya mwalimu, sasa unichape au uolewe nami, mimi kazi nimemaliza." Nikamwambia nina miaka sitini na moja. Akasema boti ya marehemu baba yake ina mingi zaidi na bado haivuji.

Usicheke.

Dada yako,
Hester

Worcester
Desemba 14, 1934

Dada Hester,

Goti ni lile lile, ahsante. Barua yako niliisoma nimesimama.

Sijacheka. Chumba chako nimekipaka rangi upya. Nakutumia glavu za kijivu nilizokufumia. Kidole gumba cha kushoto kimetoka kirefu mno. Nilipoteza hesabu ya mishono kwa sababu nilikuwa nalia.

Mdogo wako,
Alma

Ghuba ya Fenner
Desemba 30, 1934

Mpendwa Alma,

Glavu zimefika, na gumba nimelipenda. Afya yangu nzuri. Moyo wangu, ngoja nikueleze.

Hapa, katika siku kumi na mbili za Krismasi, watu huvaa nguo kuukuu, hujifunika uso kwa pazia la dirishani, na jioni hupita nyumba hadi nyumba. Huongea kwa kuvuta pumzi ndani, sauti isijulikane. Mwenye nyumba lazima akisie ni nani. Ukitajwa jina unafunua uso, unakula keki, unakwenda zako. Usipotajwa unarudi kesho. Na msimu ukiisha hujatajwa, unarudi mwakani.

Juzi waliingia saba jikoni kwa Ambrose. "Huyu mwenye kiuno cha pipa ni Dorcas," akasema.

"Na wewe umezeeka mpaka unaona mapipa kila mahali," Dorcas akamjibu, akafunua uso na kuchukua keki mbili.

Sita wakatajwa. Wa saba, mwenye umbo dogo, alisimama kando ya jiko. Sketi yake ilichuruzika maji, ingawa nje theluji ilikuwa kavu.

"Huyu simjui," Ambrose akasema, akitazama sakafu. Yule mgeni akatoka.

Dorcas akanivuta pembeni. "Mwaka wa tisa huu anasema hamjui. Mwanamume gani asimjue mkewe, bibi wewe?"

Lavinia Keeping alizama kwenye ghuba hii miaka tisa iliyopita.

Dada yako,
Hester

Ghuba ya Fenner
Januari 8, 1935

Mpendwa Alma,

Nakuandikia nikiwa mzima na nimelala vizuri, jambo ambalo sikulitarajia.

Nilimwambia Ambrose kwamba siwezi kuishi katika nyumba ambayo mke mwenzangu anasimama kando ya jiko. Akasema, "Nikimtaja, ndiyo basi. Harudi tena." Nikamjibu kwamba sitamlazimisha, ila nitafungasha virago.

Siku ya kumi na mbili Lavinia alikuja. Ambrose alikata keki, akamwita jina lake. Mgeni akafunua pazia. Ulikuwa uso wa kawaida tu, Alma, wa mtu aliyechoka na aliyefurahi kufika. Akala keki yote, akatoka. Sakafu niliipangusa mimi.

Tunafunga ndoa Juni. Kwangu ni hapa sasa. Nisamehe kuhusu chumba.

Dada yako,
Hester

Ghuba ya Fenner
Novemba 3, 1935

Mpendwa Alma,

Haraka haraka: sote wazima, nawe nakuombea hivyo. Kesho navuka ghuba na Ambrose kwa boti ya baba yake, kuchukua vitabu vya shule kabla barafu haijafunga. Glavu zako nitazivaa. Lile gumba linachekesha darasa zima.

Dada yako,
Hester

Worcester
Januari 6, 1936

Dada Hester,

Sijui nikujulie hali kwa namna gani. Tangu ile ya Novemba sijapata barua. Nimetuma telegramu mbili. Posta wanasema waya umekatwa na barafu, nami nimewakubalia.

Hapa hatuna desturi yenu. Hata hivyo, tangu siku ya pili baada ya Krismasi, jioni nikichemsha chai, mtu aliyejifunika pazia huingia jikoni. Husimama kando ya jiko, na akishaondoka napangusa maji. Nimeyaonja. Yana chumvi.

Amevaa glavu za kijivu. Gumba la kushoto ni refu mno.

Keki nimeoka. Iko mezani, haijaguswa na kisu. Kila jioni nasema, "Mgeni huyu simjui," naye anakwenda zake polepole, kama mtu anayetaraji kuitwa. Leo ni siku ya kumi na mbili. Nitasema hivyo hivyo, ili mwakani arudi. Mwambie Ambrose, kama yuko nawe, kwamba sasa namwelewa.

Bahasha hii nimeiandika jina lako kwa wino mzito. Kuliandika naweza.

Mdogo wako,
Alma