Jumba Halipandi Mlima

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na hapo gereji hawajambo? Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu aliyekatwa koo akabaki hai. Daktari amekitoa kisanduku chote cha sauti, akaniachia tundu shingoni la kupumulia. Chakula kinapita vizuri. Shangazi yako ananipikia na kunisema kutwa nzima, kwa kuwa anajua siwezi kumjibu.

Simu nimempa yeye. Mtu asiye na sauti simu ya nini, na vile vitufe vya kuandikia ni vidogo kuliko vidole vyangu. Kalamu inanitosha.

Nina jambo moja. Daktari amenikataza kupanda basi, maana vumbi na msongamano vitaniziba tundu. Kwa hiyo nitabaki huku kwa shangazi yako moja kwa moja. Lile gari letu, Jumba, liuze. Limechoka, linavuja kila upande, na mlima ule wa njiani haliwezi tena. Wewe endelea kushona viti vyako vya magari, na upande wangu wa gereji mpangishe fundi mwingine.

Wasalimie wanaoniulizia.

Baba yako


12 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini tundu linapumua na shangazi hajakumaliza kwa maneno. Mimi mzima, ila barua yako imenitia hasira hadi nikashindwa kushona mchana kutwa.

Siuzi. Wala simpangishi mtu. Mwisho wa Mei nitakuja kukuchukua kwa Jumba hilo hilo, vioo vimepandishwa, tuone hilo vumbi litapita wapi. Kiti cha nyuma unajua kilivyo kipana, ukichoka utalala umenyoosha miguu.

Nimeshaanza. Vichwa vya betri vilikuwa na ukungu mweupe, nikaviosha kwa maji ya moto na brashi, likawaka mara ya tatu. Kisha nikazunguka nalo mtaa. Pedali ya breki inazama polepole mpaka chini, na usukani unatetemeka kama una homa. Nielekeze, baba. Miaka yote nimekushikia tochi, jina la kila spana nalijua, lakini kufungua kwa mkono wangu sijawahi.

Mwanao


21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kichwa kigumu umekirithi kwa mama yako, Mungu amrehemu, kwangu hakikutoka.

Sikubali uje. Naandika haya kwa sababu sitaki ugonge mtu hapo mtaani. Inua zulia chini ya pedali. Ukikuta ukuta ulio nyuma ya pedali umelowa mafuta ya breki, silinda kuu imekwisha raba, badilisha yote, usihangaike kuitia viraka. Ukishafunga mpya, utoe hewa. Mtu mmoja akanyage, wewe ulegeze nati gurudumuni, na uanze na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na silinda. Mkishamaliza, rudieni tena, maana mara ya kwanza huwa mnajidanganya.

Usukani: piga jeki mbele, shika gurudumu juu na chini, utikise. Likicheza, bol jointi, vile viungo vinavyoshika gurudumu, zimekwisha.

Shangazi yako anauliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nimeficha karatasi.

Baba yako


19 Aprili

Baba, shikamoo. Hali yako? Mimi mzima, kucha zimekuwa nyeusi na wateja wa viti wanaogopa kuniachia kitambaa cheupe.

Silinda nimebadilisha. Hewa nimetoa mara tatu. Bol jointi zote mbili mpya. Nikasema basi, nikajaribu mlima. Baba, sikufika hata nusu. Mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu, nikasimama kando mvuke ukitoka, malori yananipigia honi. Nilikaa pale nikalia, nakwambia kweli.

Nikaisafisha rejeta, nikabadilisha pampu ya maji, nikaurudia mlima. Likachemka palepale. Mjini halina tatizo, linachemka kwenye mlima tu. Mwishowe nikafungua pale bomba la juu linapoingia kwenye injini, kutazama thamostati. Haipo. Pana uwazi mtupu. Fundi wa rejeta kanieleza kwamba kwenye injini hii, kile kidude kikipata moto hufungua njia ya kwenda rejeta na kuziba njia ya mkato. Kisipokuwepo, nusu ya maji ya moto inazunguka na kurudi kwenye injini bila kupoa.

Gaskiti ya kuzibia iliyokuwa pale imekatwa kutoka jalada la daftari. Bado linasomeka: Darasa la Sita, Hesabu, na mwandiko ni wangu. Nani alikitoa kile kidude, baba?

Mwanao


10 Mei

Baba, shikamoo.

Wiki tatu kimya. Shangazi ananiambia kwenye simu kwamba barua uliipata, ukaisoma, ukaikunja, ukaifungua tena. Anasema huli vizuri. Naomba ule.

Sikuuliza ili kukuaibisha. Nimeweka thamostati mpya na maji yenye dawa ya kuzuia kutu, nimepanda mlima mara mbili, mshale umekaa katikati. Jumamosi ya tarehe 25 nitafika. Mwambie shangazi aoshe shuka zako.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakula kidogo. Usingizi mdogo pia.

Ni mimi. Miaka kumi na mmoja iliyopita Jumba lilichemka, nikakitoa, likaacha kuchemka mjini, nikajiona bingwa. Daftari lako lilikuwa juu ya meza. Tangu hapo kila gari lililoletwa linachemka, kitu cha kwanza nilikitoa kile na kukitupa kwenye debe. Mafundi wote wa pale walinifuata. Mteja akiuliza, nilimzima kwa sauti, na sauti nilikuwa nayo kubwa, unajua mwenyewe. Huo mlima tuliupanda usiku tu, penye baridi, nikasema gari limezeeka.

Sasa ukweli. Hata bila daktari nisingerudi. Naona haya, mwanangu. Nitasimama gereji na kitambaa shingoni, watu wanipigie kelele kama kiziwi, niwaelekeze kwa vidole kama mtoto. Halafu wajue na hili pia. Nibaki nani hapo?

Usije. Nakuomba kama baba.

Baba yako


26 Mei, kiti cha mbele cha abiria

Mwanangu,

Hali yako siulizi, nakuona. Una usingizi na unakataa kusema.

Jana mlangoni ulinionyesha barua yangu ya kukukataza, ukasema imechelewa njiani, umeipata ukiwa unaondoka. Bahasha ilikuwa imefunguliwa siku nyingi, hata kona zake zimechakaa. Sikukubishia. Siwezi kukubishia tena, na wewe unalitumia hilo vibaya.

Mwandiko unaruka kwa sababu ya barabara. Mlima tumeshaumaliza, saa saba mchana, jua kali. Niliutazama ule mshale tangu chini mpaka juu, na haukusogea. Hukunitazama hata mara moja kunionyesha kwamba umeshinda. Nimekushukuru kwa hilo kuliko kwa gari.

Nilikuwa nimeamua kufia kwa dada yangu. Sasa sitaki.

Kesho asubuhi fungua upande wangu. Ninunulie madaftari, mengi. Mteja akija nitamsikiliza, nitamwandikia. Asiyejua kusoma utamsomea wewe, neno kwa neno, usiongeze yako. Na kabla sijashika gari lolote jipya, nitakaa niandike majina ya wote niliowatolea kile kidude. Nitawaandikia mmoja mmoja, kwa mkono wangu, kwamba nilikosea na waje tuwarudishie.

Utasoma haya tukisimama kujaza mafuta. Unachungulia. Tazama barabara.

Baba yako, fundi