Taa za Karavani

Barking, Novemba 1998

Bibi yangu, shikamoo.

Tu wazima, baridi tu. Ile nyumba aliyokwambia Mama ni karavani, chumba cha kukokotwa na gari, nyuma ya gereji ya Mzee Jitendra. Swichi nimeshazijua. Kubwa ya mlangoni hufungua umeme wa betri, kisha kila taa ina yake.

Ikifika magharibi Mama huziwasha zote, kama huko Wete.

“Mama, betri itakufa.”

“Baba yako asije akakuta kiza.”

Betri hufa, tukakaa kizani tukimngoja.

Bibi, mwanao ameoa huko mtaa wa Woolwich. Nimemwona na mkewe sokoni. Mimi sina ulimi wa kumwambia Mama. Mwambie wewe, ila usiseme kama nilijua.

Mjukuu wako,
Sundus