Taa ya Betri, Siku Moja Kabla ya Akika

Jumamosi, Mabibo. Jua la leo lilikuwa la kukausha kanga kwa nusu saa. Sasa magharibi imeshapita na vidole vyangu bado vinanukia grisi. Nimenawa mara mbili. Ya tatu sitaki.

Mie yuleyule niliyeandika humu kwamba nilikaa na jibu la fizikia mdomoni mpaka kengele ikalia, leo nimemkatiza mtu mzima. Mbele za watu. Na nilikuwa sahihi!

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo nitaandika kila kitu kwa herufi kubwa.

Dada Zuhura amejifungua mtoto wa kike, na kesho ni akika yake huko Mkuranga, kwa wakwe. Huyo mtoto sijamwona isipokuwa kwenye simu, kafumba macho kama mtu aliyekasirishwa. Mama ndiye anayetupeleka kwa gari lake, lililotumika Japani lakini kwetu ni jipya kabisa. Masufuria ya pilau, mchele, viungo, vyote tunakwenda navyo sisi. Tusipofika, wageni watakula dua peke yake.

Na kwa wakwe hauendi na gari chafu. Hilo mama hana mjadala nalo. Asubuhi tukalipeleka Sinza kuoshwa, akawaambia vijana waoshe mpaka injini, maana baba mkwe wa dada ana tabia ya kufungua boneti za watu akijifanya anasalimia. Wakaipiga maji ya presha mpaka ikawa unaweza kujitazama humo ukajipaka wanja.

Hatujafika hata soko la Mabibo, taa nyekundu yenye umbo la betri ikawaka kwenye dashibodi. Chini yake maandishi ya Kijapani, kama kila kitu kwenye gari lile. Nikayaelekezea kamera ya simu, yakageuka Kiingereza, nami nikamsomea mama kwa Kiswahili: mfumo wa kuchaji una hitilafu, simamisha gari mahali salama.

Mama akasikia alilotaka kusikia. "Betri hiyo. Twende kwa fundi Mponda."

Nilitaka kumwambia kwamba taa ile haisemi betri ni mbovu, inasema betri hailishwi. Kuna alteneta, kile kidude kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kiijaze betri gari likiwa linawaka. Kikigoma, gari linakula betri kidogo kidogo mpaka linazima njiani. Pengine katikati ya Mbagala, na masufuria yetu. Haya yote nayajua kwa sababu naangaliaga video za mafundi wa Kiingereza wakati wenzangu wanaangalia vichekesho.

Lakini sikusema. Nikageukia dirishani.

Hiyo ndo ishu yangu.

Fundi Mponda ni fundi umeme wa magari, mtu wa Masasi, mpole, kofia yake haivuliwi hata kwenye joto hili. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo nadhani niliisikia mie tu. Akaitikia marahaba, akapima betri kwa jicho na kwa kugonga, akasema ni nzima, basi itakuwa alteneta imekufa. Na alteneta ya gari hili mtu haipati Jumamosi mchana.

"Mpaka Jumatatu, mama."

"Jumatatu? Fundi, akika ni kesho!"

Mama akakaa juu ya tairi lililolazwa pale chini. Akatoa simu ampigie dada, akaitazama, hakupiga. Sijawahi kumwona mama akishindwa kupiga simu.

Fundi akasema ngoja ahakikishe kwanza. Injini ikiwa inaunguruma, akachukua spana namba kumi akaanza kulegeza waya wa hasi kwenye betri. Ndivyo mafundi wa zamani wanavyopima: unachomoa betri gari likiwa linawaka, likizima, alteneta imekufa. Kwa magari ya enzi zile sawa. Gari la siku hizi limejaa vikompyuta, na ukifanya hivyo umeme unaweza kuruka ghafla ukaviunguza vyote. Hapo si Jumatatu tena.

Kichwani sentensi nzima ilikuwepo, kwa Kiingereza safi cha daftari. Kiswahili chake kikanikimbia. Spana ikazunguka mara moja. Ikazunguka mara ya pili.

Nikaweka kiganja juu ya waya. "Usitoe!"

Hata samahani sikutanguliza.

"Wee Asha!" Mama alisimama. "Ndo unavyoongea na wakubwa?"

Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri bajaji yake akaangua kicheko. "Duh, sista kaishika betri kama kashika mwizi!"

Nilitamani niingie chini ya gari nibaki huko. Lakini fundi Mponda aliweka spana chini. "Mwacheni. Sema mwanangu, unaogopa nini?"

Nikasema. Vibaya, kwa kurukaruka, Kiingereza kimeingia kila mahali, lakini nikasema. Halafu nikatoa kwenye begi mita ndogo ya kupimia umeme aliyonipa mjomba anayetengeneza redio. Huwa naibeba kama wenzangu wanavyobeba mafuta ya midomo. Nikagusisha nyaya zake kwenye betri: volti kumi na mbili kamili, na injini inawaka. Ingekuwa inalishwa, ingefika kumi na nne.

"Kwa hiyo imekufa, kama nilivyosema," fundi akasema.

"Au haijaunganishwa," nikasema mie. MIE! Na nikamwambia injini imeoshwa leo kwa presha.

Fundi akamtazama mama. Mama akatazama kofia ya fundi.

"Mnaenda kwa wakwe nini?" fundi akauliza. Gereji nzima ikacheka, mama naye.

Tukazima gari. Nikamulika kwa simu, na pale mgongoni mwa alteneta, plagi ndogo ya nyaya nyembamba ilikuwa imechomoka nusu, inachuruzika maji. Ndiyo inayoipa alteneta amri ya kuchaji. Nilichokiona mie kwa tochi, fundi alikimalizia kwa kidole: akapapasa akasema kishikizo kimevunjika, ukiisukuma tu itatoka tena kwenye shimo la kwanza barabarani. Hilo nisingelijua. Akaikausha kwa upepo wa kujazia matairi, akaikaza ile hasi aliyoilegeza, akaniachia mie niisukume plagi.

Tak.

Akaifunga kwa kamba ya plastiki. Mama akawasha gari. Taa nyekundu ikawaka, kisha ikazima. Mita ikapanda: kumi na tatu, kumi na nne, kumi na nne na nukta tatu. Tukawasha taa kubwa, feni, kipoza hewa, redio. Haikushuka! Nikaruka. Mie, nimeruka gereji, na yule kijana wa bajaji akapiga makofi.

Fundi Mponda akaniomba mita aishike. Akaigeuza geuza, akauliza ukitaka kupima nyaya za ndani unaiweka wapi. Nikamwonyesha.

Tulizunguka Kinondoni saa nzima kujiridhisha, mita mapajani, namsomea mama namba kila tukisimama foleni. Alinikataza mara moja tu, tena ili asikie taarabu vizuri. Sasa yuko jikoni anachambua mchele, anamsimulia dada kwenye simu, na kila akisimulia, mkono wangu juu ya ile betri unafika mapema zaidi.

Tunaondoka alfajiri. Kesho nitampakata yule mtoto. Na baba mkwe atafungua boneti, hilo halina shaka, ataiona ile kamba ya plastiki, atauliza mbele ya wageni wote gari lilikuwa na nini.

Mama ameshasema yeye hajibu.

Asha, utaongea?