Maji Tumeweka, Mama Illuminée

Mwaka umetimia, Athanasie, mama wa binti yetu Illuminée, tangu ulipotutoka Machi ya 1992, na nyumba yetu ya Niboye, hapa Rwanda, bado inaamka kwa saa zako. Watoto wamenipa kalamu wakisema, "Baba, andika wewe, sisi tutalia." Basi naandika mimi mumeo Eustache, dereva wa malori, na wakitaka kulia watalia wakisoma.

Wasiokujua wajue kwanza kwamba ulikuwa fundi. Cherehani yako ilikaa kwenye baraza ya duka karibu na soko la Kicukiro, na sare za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwako. Kila sketi uliiachia upindo mpana, ili mtoto akirefuka mama yake asihangaike kutafuta kitambaa kingine. Mafundi wenzako walikucheka kwamba unajiharibia biashara. Ulicheka nao, na mwaka uliofuata ukaushusha upindo ule bure.

Kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ikilia mchana, ulitoa mguu kwenye kanyagio, hata mshono uwe katikati. Siku moja mwanajeshi mwenye haraka alikuuliza suruali yake inangoja nini. Ukamjibu kwa upole, "Inangoja nimsalimu mwenye hii mikono." Yule bwana akavua kofia, akangoja. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo ya baraza, na nilijivuna kana kwamba nimesema mimi.

Lakini sifa yako hasa ni maji. Kila jioni ulimimina maji safi kwenye chungu kidogo ulichotoka nacho kwenu Buyenzi, Bujumbura, ukakiweka pembeni ya chumba, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa mpaka asubuhi. Maji ya Imana, yaani ya Mungu. Ulifundishwa na mama yako, naye alifundishwa na mama yake huku Rwanda, kwamba Mungu hushinda kwingine lakini jioni hurudi kulala kwetu, na akitaka kumfinyanga mtoto, akute maji ya kulowesha udongo.

Nilikutania miaka yote. "Mama Illuminée, huyu mgeni wako mbona hata hapunguzi?" Nawe ukanirudishia, "Na wewe unayerudi kila safari na gari zima, umemshukuru nani?" Hapo nilicheka nikakubali, maana barabara ya Rusumo, ile ya mpakani, najua inavyoua madereva.

Watu wa jumuiya yetu ya sala wakaja kupata habari. Wakati huo wewe ndiye uliyekuwa ukiwaongoza rozari. Jirani yetu Kamikazi, mama yake Vestine, akasimama mbele ya wote akasema, "Mama Illuminée, hayo ni mambo ya kipagani. Mungu hanywi maji."

"Najua hanywi, Mama Vestine. Kiu si yake. Usahaulifu ndio wangu."

Ukawaeleza kwamba sala ya jioni mtu aliyechoka huweza kuisema huku anasinzia, lakini maji hayamiminwi kwa kusinzia. Lazima uinuke, uinamie mtungi, na ukiinama ndipo unamkumbuka aliyekupa siku. Wapi, hawakuridhika. Ukaambiwa uchague: uache maji au uache kuongoza rozari.

Uliipenda kazi ile sana. Nilikuona ukiifunga rozari kubwa ya jumuiya kwenye kitambaa ili uirudishe, na machozi yakikudondoka juu yake. Ukairudisha. Jumapili iliyofuata ulikaa benchi ya nyuma, ukaimba kwa sauti yako ile ile, na mtu wa kwanza uliyemsalimu nje ya kanisa alikuwa Kamikazi. Mimi nilikuwa bado nimenuna.

Ikaja Oktoba ya 1990. Vita vilikuwa vimeanza, tukaamriwa kila mtu abaki kwake hata mchana, na bomba halikutoa tone. Vidumu vyetu vikakauka kama vya wengine. Asubuhi moja Kamikazi akatokea kwenye pengo la ua, kitenge kimefungwa ovyo. Binti yake Vestine alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, njia ya hospitali imefungwa, na kwao hamna hata maji ya kunawa mikono. Hakuthubutu kukutazama usoni. Alisema tu, "Mama Illuminée, nisaidie."

Nasi tulikuwa na yale ya kwenye chungu tu. Ulikibeba papo hapo. Kwa mazoea ya utani nikakuuliza, "Na mgeni wako?"

"Baba Illuminée, hii ndiyo kazi yenyewe ya maji haya. Ulidhani anayatia kwenye chai?"

Ukavuka ua, ukayachemsha kwa makaa machache yaliyobaki, ukanawa, ukampokea mtoto. Kamikazi alishika beseni. Mungu si Athumani: mtoto alilia kwa nguvu, tukamsikia mpaka kwetu. Alikuwa wa kike, na bibi yake mwenyewe ndiye aliyechagua aitwe Nahimana, maana yake ni wa Mungu.

Jioni ile hatukuwa na tone la kumimina. Ulikiweka chungu kikavu mahali pake, wazi, ukasema, "Aone kwamba sina, lakini sijamsahau." Tangu hapo sikukutania tena.

Baadaye jumuiya walikuletea rozari ile uendelee kuongoza. Ukawaambia, "Mama Vestine aliyeishika baada yangu mwacheni aendelee, anaongoza vizuri. Na mimi huku nyuma nimepazoea." Nilitaka kusimama nipige makofi kanisani.

Ulipougua, ugonjwa ulianza kwa kukuibia kumbukumbu. Illuminée ulimwita kwa jina la dada yako. Mimi uliniita "dereva", nami nikaitika, kwani uongo? Lakini jua likianza kushuka uligeuza kichwa kwenye mto ukauliza, "Maji mmeweka?" Ulikuwa umesahau soko, cherehani, hata mimi. Yeye hukumsahau. Sitaficha, mke wangu, mwanzoni iliniuma. Leo nikiulizwa nilioa mtu wa namna gani, ndilo jambo la kwanza ninalolisimulia.

Siku tulipokuzika, nyumba ilijaa. Siku hizi watu huulizana chama cha siasa kabla ya kusalimiana, lakini siku ile walibanana kwenye mikeka yako bila kuulizana kitu. Jioni ikaingia, na sisi wa nyumbani, kwa kilio na kwa wageni, tukasahau. Hakuna aliyekumbuka chungu, hata mimi, hata binti yako.

Aliyeinuka ni Kamikazi. Alipita katikati ya watu, akakiosha chungu, akakijaza, akakiweka pembeni pale pako, mbele ya jumuiya nzima. Kisha akarudi kuketi.

Tangu siku ile haijapita jioni. Illuminée alimimina mpaka alipoolewa, na sasa ni zamu yangu. Mzee wa malori ninainamia mtungi, magoti yanalia, na kila nikiinama namkumbuka Yeye, nakukumbuka na wewe.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo Eustache, binti yako Illuminée na mumewe Jean-Berchmans, wa Kabeza, mwanao Mutsinzi, dada yako na wanawe, Bujumbura, na jirani zako Kamikazi, Vestine na Nahimana mdogo, ambaye anashika kila kitu humu ndani isipokuwa chungu kile. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii parokiani kwetu. Anayetaka kukaa nasi, tuko benchi ya nyuma.

Hutasahaulika kwetu siku zote, Mama Illuminée. Pumzika. Maji tumeweka.