Bikira wa Malvern Amekalia Kiti Changu

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni. Kiti pekee cha chumba hiki nimemwekea Bikira Maria wako wa Malvern, ile sanamu ya mbele ya nyumba tuliyokaa, maana mezani pamejaa picha na sikuwa na nguvu ya kuziondoa. Nimechoka, mama. Tangu tukuzike, uchovu huu hauishi kwa usingizi. Naamka nao, naenda nao kazini Marshalltown, narudi nao huku Doornfontein.

Picha zenyewe unazijua. Nilipoanza kupiga picha sanamu na vibanda vya sala vilivyo mbele ya nyumba za watu, kila mtu aliniuliza ni za kazi gani. Wewe hukuuliza. Jumamosi ile ulifunga saluni yako mapema, ukavaa viatu vya kutembelea, ukasema twende. Tukaingia mitaa ya nyuma ya Jules Street, kwenye nyumba za Wareno wa zamani. Wengi wamehama na kumwacha Maria peke yake ukutani, kwenye vigae vya buluu. Nikainua kamera nikiwa nje ya uzio. Ukanishika mkono.

"Usipige foto sawa mwizi. Bisha hodi kwanza."

Basi tukawa tunabisha hodi. Yule mzee wa Kireno hakujua Kiswahili wala Kifaransa chako, na Kiingereza mlikuwa nacho kidogo wote wawili, lakini mlisimama mbele ya sanamu yake mkaelewana vizuri sana kuhusu maumivu ya magoti. Kule Lenasia, kwenye nyumba ya Wahindi yenye bendera nyekundu juu ya mianzi na kijumba cha mungu wao karibu na geti, ulivua viatu bila kuambiwa. Njiani ukaniuliza taratibu kama ilikuwa dhambi. Nikasema sijui. Ukasema hata wewe hujui, ila miguu ilikutangulia.

Sikuwahi kukuambia kwa nini nazipiga. Niliacha kusali nikiwa chuoni, bila ugomvi wowote, kama mtu anavyoacha nguo isiyomtosha. Lakini sikuweza kukaa mbali na watu wanaosali. Kamera ilinipa sababu ya kusimama getini kwao.

Picha ya kwako ndiyo niliyoikosa. Ile groto, kipango cha mawe cha Bikira mbele ya nyumba tuliyopanga, hata haikuwa yako. Bibi mwenye nyumba aliiacha alipohamia kwa wanawe, nawe ukaishika kama umeachiwa wewe. Mwezi wa Rozari kina mama wa jumuiya walijaa pale na mishumaa yao. Siku moja mvua ya mawe ilianguka katikati ya sala, wote wakakimbilia barazani. Wewe ukatoka na beseni la kuoshea nywele, ukamfunika Bikira kichwa. Mmoja wao, Mama Neema, akakuuliza kwa sauti kutoka barazani, leo unamwosha au unamsuka? Ulicheka huku mawe yanakupiga mgongoni. Nikainua kamera. Hukugeuka, lakini ulijua.

"Mimi niko naomba, siko ku sinema."

Nikaishusha.

Ulipoondoka nilikiacha chumba chetu, na groto ikabaki mikononi mwa Mama Zuhura, yule mama wa Tanga wa chumba cha nyuma anayeuza vitumbua. Sikumwomba. Wiki iliyopita akanipigia simu: nyumba imeuzwa, mwenye nyumba mpya anataka kuegesha magari pale mbele, mafundi wanakuja Jumatatu, nije nimchukue Bi Mariamu wetu kabla hawajamvunja.

Nilienda Jumamosi na kamera. Nilikusudia kupiga ile picha niliyoikosa, nimshukuru Mama Zuhura, niondoke. Nikamwambia wazi kwamba naishi chumba kimoja, ghorofa ya nne, sina ua. Tena sisali. Nikimbeba, nitakuwa namdanganya marehemu mama.

Mama Zuhura aliendelea kuifuta sanamu uso kwa pindo la khanga yake.

"Nani kakuuliza kama unasali, mwanangu? Mimi ni Mwislamu, nafagia hapa tangu mama yako alazwe. Shika huku. Mzito huyu."

Nikashika. Kamera ilikuwa begani na mikono yote miwili ilikuwa na kazi, kwa hiyo picha sikupiga, na sasa pale mahali hapapo tena. Dereva wa gari nililoliita alimfunga Bikira mkanda kwenye kiti cha nyuma, akawa anapunguza mwendo mbali kabla ya kila robot, zile taa za barabarani. Huku lifti haifanyi kazi. Nilikuwa napumzika kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu jirani yangu mmoja alipotoka nje, fundi cherehani wa Bukavu ambaye tumezoea kusalimiana tu. Alituona, akapiga ishara ya msalaba, akauliza sala iko siku gani. Nikamjibu hakuna sala, namhifadhi tu. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama nimemwambia jambo jingine kabisa.

"Basi Alhamisi," akasema. "Nitaambia na wengine."

Alhamisi ni kesho. Leo jioni nilishuka kwenda kumwambia hapana. Mlango ulikuwa wazi, yeye yuko kwenye mashine, anashonea ukingo kitambaa cheupe cha kipimo cha meza ndogo. Hakuniona. Nikarudi juu.

Sijapata imani, mama, usifurahi mapema. Nimechoka tu, na kuwakatalia watu nako kunataka nguvu. Lakini asubuhi nitaziondoa picha mezani ili akae pazuri. Kamera nitaifungia kabatini. Wakija nitawafungulia, nitakaa karibu na mlango, na wakinipa rozari nitaipokea. Sijui nitaufanya nini mdomo wangu watakapofika mahali pa kuitikia. Nadhani nitaitikia, maana chumba ni kidogo na kila mtu atasikia nani amenyamaza.

Lala salama huko uliko. Mimi naenda kufagia.

Binti yako