Picha ya Galaksi Iliyonikuta Edani

Lukozi, Lushoto,
8 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Amiri,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imefika, marahaba. Kifua chako kimepona? Huku ukungu haujainuka bondeni tangu Jumatatu, ila tu wazima. Marehemu mume wangu Hassani namkumbuka zaidi saa ya kutoka shamba. Alikuwa akigonga buti mlangoni mara tatu kuangusha tope, na bado nasikiliza.

Eda yangu imebakiza siku kumi na mbili. Baba ameniletea habari kwamba ikiisha atakuja kunichukua, nirudi Mgwashi, kwa kuwa sikuzaa hapa.

Sasa nikwambie ya ile picha ya galaksi uliyonitumia pamoja na barua yako. Niliiweka chini ya mto, mama mkwe akaiona akitandika. Doa jeupe kwenye weusi, mfano wa punje ya dengu: akadhani ni picha ya utrasaundi, ya mtoto tumboni. Amemzika mwanawe wa pekee, na mkewe yumo edani. Angewaza nini kingine? Siku mbili alininyang'anya ndoo ya maji, akanichemshia maziwa, akaimba jikoni. Nilidhani ni huruma tu. Siku ya tatu akaniuliza ni miezi mingapi.

Ilinibidi nimwambie kweli. Akakaa kwenye kigoda. Kisha akataka nimsomee hicho ni kitu gani.

Nikamsomea barua yako. Kwamba ni mabilioni ya nyota, nyingi zikiwa kuukuu, na galaksi yenyewe karibu haizai nyota mpya tena. Kwamba nuru tunayoiona iliondoka huko kabla hajaumbwa binadamu. Kwamba hata hivyo ndiyo kubwa katika kundi lake, na galaksi ndogo zimeizunguka, zimeshikwa na mvuto wake. Mungu ameyaweka yote hayo, na sisi tunapalilia kabichi.

Mama mkwe akaishika picha karibu na dirisha, muda mrefu.

"Haizai, na wenzake hawajaiacha?"

"Hawajaiacha, mama."

"Basi mwambie baba yako asijisumbue kuja. Hapa ni kwako."

Mdogo wangu, baba hukusikiliza wewe kuliko mimi. Mpigie kabla siku hizo hazijaisha. Mwambie nataka kubaki.

Mama anakusalimu, na Aisha jirani yetu pia. Nisalimie wifi Salama na watoto. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na akuzidishie elimu.

Dada yako akupendaye,
Husna